Kujiandaa kwa Baridi Nisiyoijua

Msomaji asinicheke nikimwambia kuwa safari yangu ya kwanza ya mapumziko, nami nimekwisha kupita umri wa miaka hamsini, nimeipanga katika majira mabaya kuliko yote ya nchi niiendeayo. Mungu akipenda, nakwenda Porto, mji wa kaskazini ya Ureno, katika mwezi wa Desemba. Si kwamba sikujua. Sisi walimu wa Msumbiji likizo yetu kubwa huangukia Desemba na Januari, na hiyo ndiyo miezi ambayo Wareno hujikunyata ndani wakingoja jua. Mwezi wa Agosti, fukwe zao zikiwa zimejaa watu, sisi huku Pemba tumo madarasani na upepo wa kusi unatupeperushia madaftari. Basi mwalimu huenda likizo wakati anapopewa likizo.

Huko Porto anakaa mdogo wangu wa kike, tangu mwaka 2019. Kazi yake ni kuwatunza wazee katika nyumba ya wazee. Huwaogesha, huwalisha na kuwasikiliza. Hati zake za ukaazi bado zinashughulikiwa, na kwa sasa akitoka katika nchi ile hana hakika ya kuingia tena. Kwa hiyo kama twataka kuonana naye, hapana budi sisi ndio twende. Nasema "sisi" kwa sababu tulipoanza kuipanga safari hii tulikuwa wawili, mimi na mama.

Mama na mimi ni watu wa Palma, mji ulio juu ya ghuba ya Tungi, wa mwisho katika pwani yetu kabla hujaufikia mto Ruvuma na nchi ya Tanzania. Tuliuacha mwezi wa Machi mwaka 2021, siku chache baada ya mji kushambuliwa tarehe 24, tukapanda mashua pamoja na wenzetu wengi tukashushwa Pemba, na mpaka leo tungali hapa. Nyumba yetu iliungua. Haya nayataja kwa ufupi, maana msomaji ameyasikia mara nyingi, lakini siwezi kuyaacha kabisa kwa sababu yaliingia katika safari yetu kwa mlango ambao sikuutazamia.

Mlango wenyewe ni fomu ya viza. Nilidhani kwamba anayetaka kwenda Ulaya huulizwa kwa nini anakwenda. Kumbe huulizwa zaidi kwa nini atarudi. Pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na barua ya mwenyeji, na karatasi za benki, mwombaji hutakiwa aonyeshe kile kinachomfunga nyumbani kwake: kazi, ardhi, nyumba. Kazi ninayo na barua ya mkuu wangu ninayo. Lakini karani aliponiuliza hati ya nyumba nilikaa kimya kwa muda, kwa kuwa hati ile ilikuwa ndani ya kasha, na kasha ndani ya nyumba. Nikamjibu kuwa kitu kinachonifunga kwetu kipo, ila hakina karatasi. Alinitazama kwa upole, akasema hilo hawezi kulibandika kwenye faili. Simlaumu. Nikarudi nikatafuta karatasi nyingine.

Naja sasa kwenye jambo ambalo nadhani wenzangu walimu watalipenda zaidi, nalo ni la maneno. Hapa Pemba huendesha darasa la jioni la Kiswahili kwa watu wazima, wengi wao wasemaji wa Kimakua na Kireno, wanaotaka lugha hii kwa biashara za ng'ambo ya Ruvuma. Jioni moja, kwa kuwa akili yangu yote ilikuwa katika safari, niliwaandikia ubaoni neno la Kireno "inverno" nikawaomba Kiswahili chake. Wa kwanza akajibu: kipupwe. Wa pili, ambaye amesoma vitabu vya Tanzania, akasema majira ya baridi. Wa tatu, mama mmoja muuza samaki ambaye aghalabu hanyanyui mkono, akasema: masika. Wenzake wakamcheka. Nami, nasikitika kusema, nilitabasamu nao.

Baadaye usiku nilitambua kuwa yule mama ndiye aliyefikiri kuliko sote. Kipupwe chetu ni baridi kavu. Huja mwezi wa Juni na Julai, kusi inapovuma, mbingu ni safi, na asubuhi joto likishuka hata nyuzi 20 watu hujifunika shuka na kulalamika. Mvua yetu huja wakati mwingine kabisa, tangu Desemba hata Aprili, nayo huja pamoja na joto; mtoto akinyeshewa hucheza. Pwani hii ya kaskazini ya Cabo Delgado haina hata mvua mbili kwa mwaka kama walizo nazo ndugu zetu wa Mombasa na Tanga. Nilipokuwa kijana nikifundishwa kwa vitabu vilivyovuka mto, nilikariri "vuli na masika" bila ya kuona hiyo vuli ni ipi. Sasa huko Porto baridi na mvua ni kitu kimoja. Mji ule hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,100 kwa mwaka, na sehemu iliyo kubwa hunyesha baina ya Oktoba na Machi, wakati uleule ambapo joto la usiku hushuka kufikia nyuzi 5 hivi. Ukiita kipupwe, umesahau mvua. Ukiita masika, umesahau baridi. Ukiita majira ya baridi, umesema kweli lakini msikilizaji wa Palma bado hajalowa. Nilimwomba radhi muuza samaki mbele ya darasa. Akasema yeye alifikiria tu ni wakati gani ngalawa hazitoki.

Huo ndio mzizi wa taabu yangu ya kujiandaa. Mtu hupanga kwa maneno aliyo nayo. Niliposema "baridi" nilikuwa nikifunga mzigo wa Julai: shuka mbili, fulana ya mikono mirefu, kofia. Mdogo wangu aliposikia hesabu hiyo kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia ninunue koti, sweta mbili, soksi nene, viatu visivyopitisha maji, na nguo za sufu za kuvaa ndani. Mwavuli, akasema, nisihangaike nao, maana upepo wa huko huugeuza ukawa bakuli.

Basi niliingia sokoni kutafuta koti, saa saba ya mchana, mwezi wa Oktoba. Huku kwetu mitumba tunaiita "calamidade", yaani nguo za maafa, jina lililobaki tangu miaka ya 1980, vita na njaa vilipoitesa nchi na nguo za msaada zikaletwa kwa marobota. Maafa yale yalikwisha, jina likabaki sokoni. Katika kila robota hutoka makoti mazito ya Ulaya ambayo hayana mnunuzi. Wachuuzi huyatandika chini na kuyakalia. Nilimwinua mmoja juu ya koti lake. Nililivaa, nikafunga vifungo vyote mpaka shingoni ili nijue kama lanitosha, na jasho likanitiririka mpaka kwenye kope. Watoto walikusanyika. Mchuuzi akaniuliza kama naumwa. Nilipomweleza niendako alinipunguzia bei, akasema koti hili linarudi kwao, si haki kulitoza sana nauli.

Mama hakujishughulisha na makoti. Yeye alianza upande mwingine kabisa. Mimi nilimsomea viwango vya joto na mvua; yeye akauliza: "Upepo wao watoka wapi?" Nikamwambia pepo za mvua hutoka baharini, upande wa magharibi na kusini-magharibi. Alinyamaza akafikiri. Kwa mtu wa Palma bahari iko mashariki. Jua hutoka humo. "Basi kwao jua huzama baharini," akasema, "na upepo huja nalo. Nyumba ya mwanangu imeelekea wapi?" Sikujua. "Ni ya udongo au ya mawe?" Ya mawe, nikamwambia, nyumba za zamani za mji ule ni za mawe magumu. "Ina moto ndani?" Hilo nalo sikulijua. "Mwalimu," akasema, na aniitapo mwalimu nyumbani huwa amekwisha kuniona mjinga, "wewe waniambia hali ya nje. Kwani mwanangu analala nje?"

Tukapiga simu. Ikaonekana kuwa mama ndiye aliyeuliza lililo la maana. Mdogo wangu alieleza kwamba nchi za kaskazini zaidi, kama Ujerumani na Uswidi, barafu hukaa nje na watu hukaa ndani na shati, kwa kuwa nyumba zao zimejengwa kupambana na baridi. Ureno watu husema kuwa nchi yao ni ya jua, na nyumba nyingi za zamani zimejengwa kwa kuamini hivyo: kuta zisizo na kinga, madirisha yenye nafasi, na mara nyingi hakuna mtambo wa kupasha nyumba moto. Siku nyingine za Januari huwa heri kukaa barazani kwenye jua kuliko sebuleni. Umeme ni ghali, kwa hiyo huwasha kijiko kimoja cha umeme saa moja kabla ya kulala na kuingia kitandani na chupa ya maji ya moto. Nguo zilizofuliwa hukaa siku nne bila kukauka. Ukungu huota kwenye pembe za chumba, naye huufuta kila Jumapili.

"Kwa nini asiweke seredani?" mama akauliza. Mdogo wangu akamjibu kuwa wazee wa vijijini kule nao huweka makaa ndani, na kila mwaka wako wanaolala wasiamke, kwa sababu milango imefungwa na hewa ya makaa huua bila ya kunusika. Mama akasema, "Astaghfirullah." Seredani haikutajwa tena.

Mambo mengine ya mpango wetu yalikuwa mepesi, hata ya kuchekesha. Niliangalia nyakati za jua. Mwishoni mwa Desemba jua la Porto huchomoza karibu saa mbili ya asubuhi na kuzama saa kumi na moja na dakika chache za jioni. Hapa hesabu yetu ya saa inafilisika kabisa, maana saa mbili kwa Mswahili ni kusema jua limekwisha kukaa angani kwa saa mbili. Ingawa, kusema haki, sisi wenyewe tumekwisha kuzoea ukosefu huo: saa ya serikali yetu hufuata nchi nzima hadi Maputo, kwa hiyo hapa pwani ya mashariki katika mwezi huohuo jua hututokea karibu saa kumi na moja ya alfajiri, na ukivuka Ruvuma kuingia Mtwara inakupasa usogeze saa yako mbele kwa saa moja zima, ingawa jua ni lilelile. Mama aliposikia urefu wa mchana wa Porto aliuliza kama mwenye deni la Ramadhani aruhusiwa kwenda kulilipa huko. Ana siku sita za mwaka aliougua. Nilimwambia hakuna kizuizi. Akasema: "Basi kule mtu hufunga kati ya chai na chakula cha mchana."

Nilimwambia pia, ili kumtia moyo, kwamba asidhani atakuwa mgeni peke yake. Jumuiya ya Waislamu ya Lisbon ilianzishwa mwaka 1968, na katika waanzilishi wake walikuwamo watu waliotoka Msumbiji hii hii. Msikiti wao mkuu ulifunguliwa mwaka 1985. Na hata maneno, nikasema, tutayakuta njiani yakitusubiri. Leso yako mama ni "lenço" yao, foronya ni "fronha", meza, bendera, kopo, parafujo. Nikajiona naendesha somo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na blanketi?" Blanketi, nikamwambia, limetoka kwa Waingereza. "Wakatuachia foronya bila ya blanketi," akasema.

Katikati ya Oktoba zilikuja habari kutoka Palma. Majirani zetu waliokwisha kurudi walisema kuta za nyumba yetu bado zimesimama, ila mvua moja au mbili zaidi zitazilaza. Tulikaa na mama tukahesabu fedha: akiba yangu ya miaka mitatu na kile alichokuwa akituma mdogo wangu kidogo kidogo. Zilitosha tiketi mbili, tangu Pemba hadi Maputo, ambako ni zaidi ya kilomita 2,000, na tangu Maputo hadi Ureno. Ama zilitosha tiketi moja, na mabati, na misumari, na ujira wa fundi, kazi ikamilike kabla ya mvua ya Desemba. Hazikutosha vyote.

Mama alitoa hukumu siku ya pili, baada ya sala ya alfajiri. Magoti yake, alisema, hayawezi ngazi za mji ule wa vilima. Baridi itamweka ndani, na ndani kumbe ndiko kwenye baridi. Tena mtu hasafiri usiku mzima angani kwenda kuvaa koti. Wewe nenda ukamtazame mdogo wako, mimi nitakwenda Palma kumsimamia fundi. Nilimkumbusha kuwa hajamwona mwanawe kwa miaka mingi, na kwamba hatujui hati zile zitakamilika lini. Akasema anajua hesabu ya miaka kuliko mimi.

Mpaka sasa sijui kama ni magoti. Nimeligeuza jambo hili mara nyingi. Huenda aliogopa kuwa akiufikia uso wa mwanawe hatataka kurudi, na fomu ile ya viza ilikuwa imekwisha kumwuliza swali hilo mapema. Huenda ni kuta tu. Amezaa ndani ya nyumba ile watoto watano, na kuta zikianguka hakuna karatasi itakayosema zilikuwapo. Sikumwuliza. Mtoto hamhoji mama yake namna ile.

Ila kuna jambo moja alilishika tangu ile simu ya kwanza, bila ya mimi kujua. Mdogo wangu alisema "sufu", nguo za sufu, na mama, ambaye sikio lake la kushoto ni zito, alisikia "sufi". Maneno haya mawili ni ndugu, nadhani, yote yametokana na Kiarabu. La kwanza ni manyoya ya kondoo na la pili ni ile pamba nyepesi ya msufi. Lakini mama hakuwa na haja ya elimu ya maneno. Jirani yetu ana msufi uani kwake. Kwa majuma mawili nilikuta nyuzi nyeupe zimenata kwenye vitasa, kwenye chai, kwenye madaftari ya wanafunzi, nikadhani anajaza mito. Siku moja nilirudi nikamkuta amekaa mkekani, amezungukwa na doti tatu za leso zilizoshonwa pamoja pande mbili, anashindilia sufi ndani na kupiga mishono ya kupitia, safu baada ya safu, ili isihame.

Nikamwuliza hiki ni nini. "Mfarishi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kijiko ni nini. Neno hilo nililijua katika kamusi. Nimepata kuwaambia wanafunzi kuwa ni la kale. Yeye alilala ndani ya mfarishi utotoni, katika jahazi la babake lililokuwa likienda Mikindani na Lindi, usiku wa kusi, na umande wa bahari ulikuwa haupenyi. Miezi miwili nilikuwa nikitafuta Kiswahili cha kile kitu ambacho Wazungu hujifunika wakati wa baridi, nikajikongoja na "blanketi nene lililojazwa", na neno lilikuwa limekaa chumba cha pili likishona.

Faili langu la viza limepokelewa, na huambiwa majibu huchukua siku 15 au zaidi. Mama ameondoka juma lililopita na lori la mabati. Kabla ya kuondoka aliweka mfarishi ndani ya sanduku langu yeye mwenyewe, na kilo mbili za korosho katikati yake. Sanduku halikufunga. Tulitoa sweta moja, kisha viatu vya pili, kisha vitabu. Mwisho mama alipanda akakaa juu yake, na magoti yake hayo, nami nikavuta zipu.